Moïse Tshombe

Moïse Kapenda Tshombe (10 Novemba 1919 – 29 Juni 1969) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kongo. Anajulikana hasa kama rais wa Katanga, jimbo lililojitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo yenyewe kupata uhuru kutoka Ubelgiji. Kujitenga huko kulileta vita vya miaka miwili na nusu. Baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi ileile aliyotaka kuigawa.

Familia na ujana

Alizaliwa Musumba, makao ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Baba yake alikuwa mmoja wa Waafrika wachache waliotajirika kwa biashara katika Kongo ya Kibelgiji. Moïse alisoma katika shule za misheni ya Wamethodisti kutoka Marekani, akahitimu uhasibu, akaoa binti wa Mwata Yamvo. Maduka ya familia hayakumwendea vizuri. Hata hivyo alibaki mtu wa hesabu zaidi kuliko mtu wa itikadi, na tabia hiyo inasaidia kuelewa mambo aliyoyafanya baadaye.

Chanzo cha vita

Mara nyingi vita vya Katanga huelezwa kwa neno moja: ukabila. Maelezo hayo hayatoshi. Katanga, yenye ukubwa unaozidi kidogo nusu ya Tanzania, ilikuwa na shaba, kobalti na urani. Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika kutengenezea bomu la Hiroshima. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba na kulipa kodi, na sehemu kubwa ya mapato ya koloni zima ilitoka huko. Walowezi Wazungu wa Katanga walinung'unika kwa miaka mingi kwamba fedha zao zinaliwa Léopoldville (leo Kinshasa). Hadi mwaka 1933 jimbo lilikuwa na makamu wake wa gavana mkuu, na walowezi hawakusahau kupokonywa nafasi hiyo. Kwa hiyo wazo la kujitenga lilikuwa limezoeleka kabla Tshombe hajaingia katika siasa.

Waafrika wa kusini mwa jimbo walikuwa na malalamiko mengine. Kampuni ilikuwa imeleta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, hasa Waluba, na wageni hao walishika kazi nyingi nzuri mijini. Uchaguzi wa kwanza wa miji, mwaka 1957, ulileta mameya Waafrika wa mji wa Elisabethville (leo Lubumbashi) ambao kwao hakukuwa kusini mwa Katanga. Mwaka uliofuata, Oktoba 1958, kikaanzishwa chama cha CONAKAT kutetea waliojiita wenyeji halisi. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, baadaye Tshombe. Hapa msomaji wa Tanzania atatabasamu kidogo: Munongo alikuwa mzao wa Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi aliyejifanyia ufalme Katanga katika karne ya 19 kwa biashara ya misafara. Bidhaa za misafara hiyo zilifika pwani kwa njia iliyopita Tabora na Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Uenyeji wa ukoo wake Katanga ulikuwa na umri wa miaka mia moja hivi.

Jimbo lenyewe halikuwa na sauti moja. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na wapinzani wake wakiongozwa na chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, chenye nguvu kaskazini, walipata 23. Wapinzani waliposusia vikao, bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria ili CONAKAT iweze kuunda serikali peke yake. Katika serikali kuu ya Patrice Lumumba, Tshombe aliona chama chake kimepewa nafasi chache mno. Lumumba alitaka serikali moja yenye nguvu. Tshombe alitaka shirikisho ambalo mapato ya madini yangebaki jimboni.

Jeshi lilipoasi mapema Julai, Ubelgiji ilituma askari Elisabethville, na chini ya ulinzi wao Tshombe akatangaza uhuru. Union Minière ikaanza kulipa kodi kwake. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua Katanga, wala Ubelgiji yenyewe, ingawa ilimpa maofisa na washauri.

Vita

Kaskazini, Waluba waliikataa serikali ya Tshombe, na askari wake, wakisaidiwa na mamluki, walichoma vijiji. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, aliyekuwa amekamatwa na wapinzani wake wa Léopoldville, alipelekwa Katanga na kupigwa risasi usiku huohuo pamoja na Joseph Okito na Maurice Mpolo. Serikali ya Katanga ilidai kwamba aliuawa na wanakijiji alipotoroka. Uongo huo haukudumu, na jina la Tshombe halikupata kusafishika tena katika Afrika.

Septemba mwaka huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kukutana na Tshombe. Desemba Tshombe alikubali huko Kitona kwamba Kongo ni moja, kisha akachelewesha utekelezaji kwa mwaka mzima. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza kujitenga huko Januari 1963.

Waziri mkuu na mwisho wake

Alikwenda uhamishoni Hispania, lakini Julai 1964 aliitwa nyumbani kuwa waziri mkuu, kwa kuwa waasi wa Simba walikuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki. Aliwatumia tena mamluki, na Novemba askari wa Ubelgiji waliletwa Stanleyville (leo Kisangani) kwa ndege za Marekani. Rais Kasavubu alimwachisha kazi Oktoba 1965, na mwezi uliofuata Mobutu akapindua serikali. Tshombe alirudi Hispania, akahukumiwa kifo kwa uhaini mwaka 1967 bila kuwepo mahakamani.

Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa na kupelekwa Algeria. Alifungwa huko hadi alipofariki miaka miwili baadaye. Madaktari walitaja ugonjwa wa moyo. Alizikwa Ubelgiji. Baadhi ya askari wake wa zamani walibaki Angola, na mwaka 1977 na 1978 waliivamia Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa kuwa majimbo manne: migodi mikubwa iko Haut-Katanga na Lualaba, na kaskazini yako Haut-Lomami na Tanganyika.