Bevin: Dereva wa gari la farasi aliyepanda hadi uwaziri na kuwakuta madereva wakigoma

MAPEMA Januari 1947, madereva wa malori ya mizigo jijini London waliyaegesha magari yao na kukataa kusafirisha bidhaa. Nyama ilikwama katika soko la Smithfield, na serikali ikaamuru wanajeshi washike usukani ili chakula kiwafikie wakazi, ambao tangu vita walikuwa wakinunua kwa mgao.

Katika baraza la mawaziri la wakati huo aliketi mtu aliyeijua kazi ya kusambaza bidhaa kuliko mwenzake yeyote. Ernest Bevin, Waziri wa Mashauri ya Kigeni, alikuwa ametumia miaka mingi ya ujana wake kwenye kiti cha gari la kukokotwa na farasi, akipeleka vinywaji vya chupa madukani. Isitoshe, chama kilichowasajili wengi wa madereva hao ni yeye aliyekiasisi.

Bevin alizaliwa Machi 1881 katika kijiji cha Winsford, eneo la Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake hakujulikana. Mamaye, aliyejikimu kwa vibarua vya nyumbani, alifariki mwaka wa 1889, na mtoto huyo akachukuliwa na dada yake wa kambo.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11, akafanya kazi shambani, na miaka miwili baadaye akaenda Bristol kusaka riziki. Huko alihudumu katika duka la mikate, mkahawani na kwenye tramu kabla ya kupata gari la farasi. Elimu aliyokosa utotoni aliitafuta katika madarasa ya jioni ya kanisa la Kibaptisti, na ni kanisani alikojifunza kusimama mbele ya watu na kusema.

Kazi ya dereva wa gari la farasi haikuanza wala kumalizika barabarani. Farasi alihitaji kulishwa na kusuguliwa kabla ya safari na baada yake, hata Jumapili, na muda huo kwa kawaida haukuhesabiwa katika malipo. Bevin alikuwa na nafuu kidogo kwa kuwa alipata pia kamisheni ya mauzo. Wengi wa wenzake, waliobeba mizigo ya bandarini, hawakuwa na nafuu hiyo.

Mnamo 1908 uhaba wa ajira uliikumba Bristol, na Bevin akawa katibu wa kamati iliyodai kazi kwa wasio nazo. Jumapili moja ya Novemba aliwaongoza mamia ya watu hao hadi katika kanisa kuu la jiji, wakaketi kimya ibada yote miongoni mwa matajiri. Hawakupiga kelele wala kurusha jiwe. Jiji likazungumza habari zao kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1910 makuli wa bandari ya Bristol na Avonmouth waligoma, na hapo ndipo hatima ya Bevin ilipoamuliwa. Makuli walikuwa na chama. Madereva wa magari ya mizigo hawakuwa nacho. Kuli akikataa kupakua, mwajiri angeweza kumtuma dereva aufanye mzigo uendelee na safari, na mgomo ukavunjwa na watu maskini kama wagomaji wenyewe. Bevin aliombwa awakusanye madereva. Agosti mwaka huo tawi lao lilizinduliwa chini ya chama cha makuli, naye akawa mwenyekiti. Mwaka uliofuata aliliacha gari lake na kuajiriwa na chama.

Alichokigundua Bevin mapema ni kwamba adui wa dereva hakuwa tajiri mmoja mwenye roho mbaya. Biashara ya uchukuzi ilijaa wenye magari wadogo walionyang'anyana wateja kwa kupunguza bei, na njia rahisi ya kupunguza bei ilikuwa kumlipa dereva kidogo na kumfanyisha kazi saa nyingi. Mwajiri mwema aliadhibiwa na soko kwa wema wake. Kwa hiyo Bevin hakutaka kumshinda mwajiri mmoja mmoja. Alitaka wote wakae kwenye meza moja na kutia sahihi kiwango kimoja, kisha mgogoro ukizuka upelekwe mbele ya bodi yenye wajumbe wa pande zote mbili. Waajiri wa Bristol walikubali. Sharti lake lilikuwa moja, nalo lilimkaa rohoni hadi kufa: mkataba ukishatiwa sahihi, dereva naye analazimika kuuheshimu.

Umaarufu wa kitaifa aliupata mwaka wa 1920, wakati jopo la uchunguzi lilipoundwa kuhusu madai ya makuli ya kulipwa shilingi 16 kwa siku. Waajiri walileta mtaalamu aliyekokotoa gharama ya maisha na kuonyesha kwamba familia ya kuli ingeweza kuishi kwa kiasi kidogo zaidi. Bevin hakubishana na hesabu. Alikwenda sokoni na katibu wake, akanunua chakula kwa mujibu wa hesabu hizo, kikapikwa na kugawanywa katika sahani tano za familia ya watu watano, kisha akaziweka sahani hizo mbele ya jopo. Vipande vilivyokuwamo havikuhitaji maelezo. Jopo lilipendekeza shilingi 16.

Januari 1, 1922, vyama 14 viliungana na kuwa TGWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi na kazi nyinginezo, kikiwa na takriban wanachama 300,000. Bevin alichaguliwa katibu mkuu. Mgomo mkuu wa Mei 1926, ambao aliusimamia kwa ustadi lakini ukasambaratika baada ya siku tisa huku misafara ya chakula ikitoka bandarini chini ya ulinzi wa jeshi, ulimthibitishia kuwa kushindana na serikali si sawa na kushindana na mwajiri. Tangu hapo aliitafuta sheria zaidi ya mgomo.

Na sheria zikaja. Ile ya barabara ya 1930 ilipiga marufuku dereva wa lori kuendesha zaidi ya saa tano na nusu mfululizo, au zaidi ya saa 11 katika siku nzima. Ile ya 1938 iliunda bodi ya kuweka mishahara katika uchukuzi wa barabarani. Dereva wa Bristol wa 1910 angedhani anaota.

Hata hivyo, ndani ya chama Bevin hakuvumilia kupingwa. Madereva wa mabasi ya London walipogoma Mei 1937 wakidai siku ya kazi ya saa saba na nusu, uongozi uliwarudisha kazini baada ya wiki nne mikono mitupu, na baadhi ya vinara wao wakafukuzwa chamani.

Winston Churchill alimteua kuwa Waziri wa Leba Mei 1940, kabla hata hajawa mbunge. Miezi miwili baadaye ilitolewa Amri 1305, iliyoharamisha mgomo wowote ambao mzozo wake haujapelekwa kwanza kwa wapatanishi. Ilikuwa vita, na wengi walielewa. Lakini wachimba makaa wa Betteshanger walipogoma Januari 1942, viongozi wao watatu walifungwa jela na wenzao takriban 1,000 wakatozwa faini. Serikali ilijikuta haina njia ya kuchimba makaa kwa kutumia mahabusu, na viongozi hao wakaachiliwa upesi.

Amri hiyo ilisalia baada ya vita kwisha. Ndiyo maana madereva wa Januari 1947 waligoma kinyume cha sheria, na pia bila idhini ya chama chao. Walichoka kusubiri saa chache zaidi za kupumzika na likizo bora, madai yaliyokokotwa kwa miezi mingi katika bodi ile ile ya 1938 ambayo wazee wao waliipigania. Arthur Deakin, mrithi wa Bevin chamani, aliwashutumu. Walirejea kazini kabla ya mwezi kwisha, baada ya kukubaliwa kwamba madai yao yazungumzwe upya na waajiri.

Ikumbukwe kwamba mwezi huo huo, kuanzia Januari 13, wafanyakazi wapatao 15,000 waliusimamisha mji wa Mombasa kwa siku 12, wakiongozwa na Chege Kibachia. Kabla ya mwaka kwisha Kibachia alikuwa amehamishiwa Baringo kwa nguvu. Bevin alikuwa ameitazama Mombasa kwa jicho jingine: mnamo 1946 alipendekeza kituo kikuu cha majeshi ya Uingereza kihamishwe kutoka Misri hadi huko, na barabara ijengwe kutoka Lagos. Ujenzi wa bohari kubwa ya kijeshi ulianzishwa Mackinnon Road, pale wasafiri wa Nairobi wanapopita ziara ya Sayyid Baghali kando ya reli, kisha ukaachwa. Wakati wa Hali ya Hatari eneo hilo liligeuzwa kambi ya kuwazuilia Waafrika.

Moyo ulimsumbua Bevin miaka yake ya mwisho, na Machi 1951 aliondolewa katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Aliaga dunia Aprili 14, 1951, akiwa na umri wa miaka 70, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey. Agosti mwaka huo, baada ya kesi ya makuli saba walioshtakiwa kwa kuchochea mgomo kuvunjika mahakamani, Amri 1305 ilifutwa.