Arthur Bacot, karani aliyefichua siri ya kiroboto

Mwishoni mwa 1902 tauni iliingia Durban, na 1903 ilikuwa bado inaua watu. Meli zilifunga Point, penye mlango wa bandari, makuli wakashusha magunia na makasha, na panya nao hawakosi. Ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Bluff, walikaa wale waitwao Wazanzibari mpaka leo, watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakaletwa Durban kuanzia 1873.

Siku hizo panya alishatiliwa shaka, lakini mzigo wa lawama walitwishwa watu. Cape Town, 1901, Waafrika walitolewa mjini kwa nguvu wakapelekwa Uitvlugt. Nairobi, 1902, bazari ya Wahindi ilitiwa moto. Natal nayo ikatunga sheria 1904 ya kuwatengea Waafrika mahali pao pa kukaa. Maskini ndiye aliyeonekana ugonjwa wenyewe.

Aliyekuja kuonyesha tauni inavyopita hasa hakuwa hata daktari. Arthur Bacot alizaliwa London 1866, na kwa miaka mingi alikuwa karani tu. Kazi ikiisha, alishughulika na wadudu: kuwafuga, kuwahesabu, kuwatazama wanavyokula. Elimu hiyo alijifundisha mwenyewe. Wataalamu wa tauni walipotaka mtu anayemjua kiroboto vizuri, wakamwendea yeye, na 1911 akaajiriwa na Taasisi ya Lister.

Kabla yake Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha huko Karachi, 1898, kuwa kiroboto ndiye anayeitoa tauni kwa panya mmoja na kumpa mwengine. Wengi walimpuuza. Baadaye wakakubali, lakini likabaki swali: kiroboto hunyonya damu, sasa ugonjwa anautiaje?

Jibu walilitoa Bacot na mwenzake Charles Martin mwaka 1914. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, vijidudu vya tauni huzaana ndani yake na kushikamana kama donge, pale kwenye kijilango cha kuingilia tumboni. Njia ikaziba. Tangu hapo kiroboto ananyonya lakini hashibi, kwani damu haifiki tumboni. Njaa inamshika, anauma hapa, anauma pale. Damu ikigonga lile donge hurudi nyuma, nayo hurudi na vijidudu mpaka ndani ya jeraha. Kiroboto mwenyewe mwisho hufa kwa njaa, lakini keshauma wangapi!

Na panya akifa mwili hupoa, viroboto wakamhama kutafuta damu yenye joto. Asipopatikana panya mwengine, basi ni binadamu aliyelala karibu. Kwa hivyo aliyebanwa chumba kimoja na wenzake kumi, karibu na ghala lenye panya, ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Kabila lake halikuwa na neno hapo.

Bacot hakuishia kwa kiroboto. Aligeukia chawa na magonjwa yake, akawalisha chawa kwa damu ya mwili wake mwenyewe. Alikwenda Warsaw 1920, kisha Cairo 1922 kuchunguza homa ya chawa. Huko yeye na mwenzake Joseph Arkwright waliugua homa ile ile. Arkwright akapona, Bacot akafariki mwezi wa Aprili.

Tauni bado haijaisha duniani. Madagaska huonekana mara kwa mara. Ndugu zetu wenye nyumba za wazee huko pwani, mkienda likizo mkakuta panya wanakufa ovyo, msiwashike kwa mikono, na watoto wasikaribie. Wapeni habari watu wa afya. Na penye tauni viroboto huuliwa kwanza, panya baadaye, maana ukimuua panya peke yake umewafukuza viroboto wenye njaa waje kwako.