Jim Corbett, mutu aliyesoma nyayo za tigre

Leo tunawaletea maisha ya mutu moja wa zamani aliyejulikana sana: Jim Corbett. Wengi wanamujua kama muwinda wa wanyama wala-watu. Lakini sisi tunataka kuonyesha ile kazi yake ingine: kuangalia mnyama mukali kwa macho, kuelewa mambo yake, na kuyaandika.

Alizaliwa mwaka 1875 kule Naini Tal, katika milima ya Kumaon, Uhindi. Baba yake alikuwa mukubwa wa posta. Alikufa wakati Jim alikuwa angali mutoto mudogo, na mama akabaki na watoto wengi. Jim hakusoma masomo makubwa. Pori ndilo lilikuwa masomo yake. Asubuhi alikuwa anaangalia mchanga wa njia, na kujua nani alipita usiku: dume ao jike, muzee ao kijana, alitembea polepole ao alikimbia.

Akiwa na miaka kama 18, akaingia kazi ya gari ya moshi. Kisha akapewa kontra kule Mokameh Ghat, kwenye muto Ganges: kuhamisha mizigo na makala ya mawe kutoka upande moja kwenda upande ingine. Ile kazi sisi watu wa mine tunaijua: kikapu, jasho na mugongo. Corbett naye alibeba pamoja na watu wake. Chamari, mutu wa kabila lenye kuzarauliwa sana kule, akamufanya kapita wa makala. Mwanzoni, miezi ikapita bila feza kufika. Watu wakakula mara moja kwa siku, na Corbett vilevile. Mwishoe akapeleka telegramu kwa wakubwa: kama feza haziko njiani, saa sita kazi inasimama. Feza zikatumwa. Alifanya pale zaidi ya miaka 20.

Wakati wa vita ya kwanza, mwaka 1917, alipeleka wafanyakazi 500 wa Kumaon mpaka Ufaransa, na akawarudisha kwao karibu wote.

Lakini jina lake lilitoka katika pori. Mwaka 1907 wakamwita Champawat. Kulikuwa tigre jike, yule mnyama wa milia anayepita simba kwa ukubwa, na walisema amekula watu 436, wengine Nepal, wengine Kumaon. Wanamuke hawakutoka tena kukata majani, mashamba yakalala. Corbett akafuata damu na nyayo, akamuua. Kisha akafanya kitu ambacho wengine hawakufanya: akafungua kinywa ya yule mnyama. Meno makubwa ya upande wa kuume, ya juu na ya chini, yalivunjika zamani kwa risasi ya mutu. Hakuweza tena kushika nyama wake wa kawaida. Ndiyo sababu akageukia watu.

Tangu pale, kila mnyama aliyemuua alimuchunguza: meno, makucha, vidonda vya zamani. Tigre wa Muktesar alipoteza jicho moja, na katika mukono wake kulikuwa miiba ya nungunungu karibu 50. Chui wa Rudraprayag, aliyekula watu 125 kati ya mwaka 1918 na 1926, alianza wakati wa ile grippe kubwa. Watu walikufa wengi, hakuna nguvu ya kuwachoma, maiti zikatupwa, chui akaonja. Corbett akaandika wazi: tigre hazaliwi mula-watu. Mara nyingi ni kidonda ao uzee vinamusukuma, na mara nyingi kile kidonda kilitoka kwa mutu.

Kujua vile kulimubadilisha. Rafiki yake, F. W. Champion, alikuwa anapiga foto za tigre usiku, mnyama mwenyewe akigusa kamba. Corbett naye akashika kamera ya sinema. Ile kamera ilipiga kelele, na tigre ana masikio makali. Akaziba kijito, maji yaanguke kidogo na kufunika ile kelele. Akalala pale siku nyingi, mpaka tigre wakazoea kupita mbele yake. Bunduki aliendelea kuichukua tu pale watu walipomulilia.

Mwaka 1936 serikali ikafungua pare ya kwanza ya wanyama kule Uhindi, na Corbett alisaidia kuiweka. Leo inaitwa jina lake. Mwaka 1944 kitabu chake juu ya wala-watu wa Kumaon kikatoka, kikasomwa dunia muzima.

Mwaka 1947, na dada yake Maggie, akahamia Kenya, Nyeri. Mwezi wa pili 1952 alikuwa pamoja na binti Elizabeth katika ile nyumba ya juu ya muti, Treetops, usiku ule baba yake mufalme alikufa Uingereza. Corbett mwenyewe alikufa tarehe 19 mwezi wa ine 1955. Kaburi lake liko kule Nyeri.

Sisi tunaona hivi: wengi waliua tigre, na hesabu yao imesahaulika. Corbett anakumbukwa juu aliuliza sababu. Hata katika mine, jiwe likianguka, kazi haiishi kwa kuliondoa. Lazima kuinua taa na kutazama kule lilitoka.