Tingatinga: Mtu wa Vibarua Aliyeanza na Kipande cha Hadibodi

Bumu likichelewa, hosteli zetu hugeuka soko. Huyu anasuka nywele, yule anatengeneza nembo kwenye simu, mwingine anapiga picha za mahafali. Mengi ya hayo yalianza kama mambo ya kupitishia muda tu. Swali linalotusumbua wengi ni hili: hiki ninachokipenda kinaweza kweli kunilisha? Ndugu mwanachuo, kabla hujajibu, mfahamu kwanza marehemu Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika familia ya wakulima. Kwa shule hakufika mbali. Akiwa kijana alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini enzi hizo. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani na bustani kwa ofisa mmoja Mwingereza. Baada ya Uhuru bosi huyo akarudi kwao, na Tingatinga akabaki anahangaika na vibarua vya hapa na pale.

Kuchora hakusomea popote. Alianza mwaka 1968, umri wake ukiwa unakaribia miaka 40. Vifaa vya wasanii waliosoma vilikuwa ghali, basi akatumia alivyoweza kuvipata: vipande vya hadibodi za kufunikia dari, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Juu ya vipande hivyo alichora ndege, chui, tembo, mara nyingi mnyama mmoja akijaza picha nzima. Vifaa vya bei rahisi ndivyo vilivyoipa kazi yake sura ambayo leo tunaitambua kwa mbali. Angesubiri mtaji wa kununua turubai, huenda tusingemjua.

Wala hakukaa na picha zake chumbani akisubiri kugunduliwa. Zilipelekwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, ambako wageni wengi walikuja kununua mahitaji yao. Mkewe ndiye aliyesaidia kuuza. Yaani walifuata mteja alipo.

Tena, hakukurupuka kuacha kazi. Alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili kama mhudumu, akawa anachora baada ya saa za kazi. Picha zilizidi kutoka, hadi kampuni ya serikali iliyoshughulika na sanaa ikaanza kuzinunua. Hapo ndipo uchoraji ulipoanza kuwa kazi yenyewe.

Oda zilipoongezeka, aliwaita ndugu na jamaa akawafundisha. Miongoni mwao walikuwemo January Linda, Simon Mpata na Omari Amonde. Mtu mwingine angeficha ujuzi asiibiwe wateja. Yeye aliutoa.

Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam, alipigwa risasi na polisi waliodhani wanafukuza majambazi. Akafariki. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Haikuishia, kwa sababu wale aliowafundisha waliendelea kuchora na kuuza palepale Oysterbay, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika unaobeba jina lake. Leo Tingatinga ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na watu wengi wanaosomesha watoto kwa brashi hawakuwahi kumwona.

Lakini upo upande mchungu pia. Jina lilipopanda bei, zikatokea picha za bandia zenye saini yake. Faida nyingi za jina hilo zimekuja wakati mwenyewe hayupo. Kwa hiyo wewe unayepiga picha au kushona, weka saini kwenye kazi zako, tunza kumbukumbu za mauzo, na makubaliano na mteja yaandikeni. Mapenzi ya kazi peke yake hayalindi kazi.

Na kabla hujalalamika kwamba huna kamera ya maana au kompyuta mpya, angalia uvunguni kwako kuna nini. Tingatinga alikuta rangi ya baiskeli.