Louis Braille: Kijana asiyeona aliyechoka kusomewa

Kila mwenye simu ya mkononi leo anapokea matangazo kwa njia ya picha. Ratiba ya futari na daku ya mwezi wa Ramadhani, tangazo la msiba, orodha ya waliochaguliwa kujiunga na shule, fomu ya maombi iliyopigwa skana, vyote vinatumwa vikiwa picha. Kwa mwenye macho mazima hapo hakuna tatizo. Lakini kwa asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, picha ile mara nyingi ni karatasi tupu. Simu inamwambia kuwa imekuja picha, basi. Itabidi amtafute mtoto wa jirani amsomee, hata kama ndani yake mna siri ya akaunti yake ya benki.

Wapo wanaodhani kuwa hili ni tatizo la teknolojia changa na kwamba litajiondokea lenyewe. Historia haiwaungi mkono. Takriban miaka 200 iliyopita, huko Ufaransa, palikuwa na vitabu vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya wasioona, tena kwa nia njema kabisa, na wasioona wenyewe wakavihangaikia bila ya mafanikio ya maana. Aliyekuja kuitatua kadhia hiyo alikuwa kijana wa miaka 15, naye alikuwa kipofu.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi aliyetengeneza matandiko na hatamu za farasi. Louis alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Akiwa na miaka mitatu aliingia katika karakana ya baba yake, akachezea kifaa chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Jicho likaingia usaha, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Katika zama zile, mtoto kipofu wa familia ya kawaida mara nyingi aliishia kuombaomba barabarani. Wazazi wake hawakuliafiki hilo. Padri wa kijiji alianza kumfundisha, kisha mwalimu wa shule ya kijijini akampokea darasani akae na watoto wanaoona. Alijifunza kwa kusikiliza tu, na akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona.

Taasisi hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1780 na Valentin Haüy, mtu mwema aliyekuwa na macho yake mawili. Haüy alitengeneza vitabu ambavyo herufi zake za Kilatini, hizi hizi tunazozitumia, zilikandamizwa kwenye karatasi iliyolowana hadi zikatokeza juu. Msomaji alizipapasa kwa kidole. Kwa anayeona, vilikuwa vitabu vizuri. Ukiviangalia unavisoma mara moja. Ama kidole kina hesabu nyingine. Kidole hakioni umbo lote la herufi kwa pamoja, kinalifuata pindo kwa pindo, na kufikia mwisho wa neno msomaji ameshasahau mwanzo wake. Kwa kuwa herufi zilibidi ziwe kubwa, vitabu vilikuwa vinene, vizito na vya gharama, na shule yenyewe ilikuwa navyo vichache mno. Na kubwa kuliko yote, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia ile. Aliweza kusoma alichochaguliwa, lakini hakuweza kuandika barua wala kunukuu somo.

Mwaka 1821 alifika shuleni hapo Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, akiwa na mfumo wake wa kuandika kwa nukta zilizotokeza. Nukta zilimfaa kidole kuliko mistari, na ziliweza kutobolewa kwa mkono. Hata hivyo, alama moja ya Barbier iliweza kufika nukta 12, zaidi ya ncha ya kidole inavyoweza kuhisi kwa mguso mmoja. Tena alama zake ziliwakilisha sauti na si herufi, hivyo hapakuwa na tahajia, vituo vya sentensi, tarakimu wala muziki. Inaonekana Barbier aliona kuwa hayo yanawatosha vipofu. Huu ni ugonjwa ambao mpaka leo haujatutoka: kumpangia mtu kiwango cha elimu kitakachomtosha.

Louis hakutosheka. Aliufanyia kazi mfumo ule usiku na wakati wa likizo kijijini kwao, na kufikia mwaka 1824 alikuwa ameupunguza hadi nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, ukubwa unaoenea chini ya kidole kimoja bila ya kukisogeza. Kutokana na nukta hizo sita zinapatikana alama 63. Mpango wake ni wa kihesabu na ni rahisi kukariri. Herufi 10 za mwanzo zinatumia nukta nne za juu. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile zikiongezewa nukta moja ya chini, na zilizobaki zinaongezewa mbili. Herufi w haimo katika utaratibu huo, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule kilikuwa hakiihitaji, iliingizwa baadaye. Mtoto wa Kiswahili anayejifunza nukta nundu, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila ya w, anaikuta imekaa pembeni kama mgeni.

Mwaka 1829 alichapisha kitabu kuelezea mfumo wake, na humo alimshukuru Barbier kwa wazo la awali. Mwaka 1837 likatoka toleo la pili, lililosahihishwa. Wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu katika taasisi ile ile, na alikuwa pia mpigaji kinanda hodari katika makanisa ya Paris.

Mtu angetarajia kuwa taasisi ya wasioona ingelipokea jambo hili kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo. Mwaka 1840 alishika uongozi mkurugenzi mpya, Armand Dufau, naye akapiga marufuku nukta za Braille. Vitabu vilivyoandikwa kwa nukta vikachomwa moto. Hoja yake, ukiisikiliza, ilikuwa na sura ya huruma: kwamba maandishi wasiyoyajua wanaoona yatawatenga vipofu na jamii. Lakini faida yake ilimwendea nani? Mwalimu anayeona alibaki na maandishi aliyoyazoea, na mwanafunzi akarudishiwa vitabu asivyoweza kuvisoma kwa kasi wala kuviandika. Wanafunzi hawakutii. Waliendelea kuandikiana kwa siri, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Naibu wa Dufau, Joseph Guadet, ndiye aliyemshawishi bosi wake abadili msimamo, na mwaka 1844, katika hafla ya kufungua jengo jipya la taasisi, nukta zilionyeshwa hadharani.

Hoja ya kutengwa Louis mwenyewe alikwishaijibu kwa vitendo. Mwaka 1839 alibuni njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta ili kipofu aweze kumwandikia barua ndugu yake anayeona. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akaitengenezea mashine. Ukitazama risiti za zile printa za zamani, zenye herufi za vidoto vidoto, wazo ni hilo hilo, nao walilitangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Taasisi iliufanya mfumo wake kuwa rasmi mwaka 1854, yaani miaka miwili baada ya yeye kuzikwa. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1878 ukauchagua kwa nchi nyingine. Marekani waligombana kuhusu aina za nukta mpaka mwaka 1932. Kiarabu nacho kina nukta zake, zinazosomwa kutoka kushoto kwenda kulia kinyume na maandishi yake ya kawaida, na Msahafu mzima unapatikana kwa nukta hizo.

Kompyuta ilipokuja, ilikuta kazi nusu imekwishafanywa. Lugha ya kompyuta ni ya kuwepo na kutokuwepo, na nukta ya Braille ama ipo ama haipo. Hivi leo kuna vifaa vyenye vijipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, vikigeuza maandishi ya skrini kuwa nukta. Kuna programu za kusoma skrini kwa sauti, na mojawapo, NVDA, inatolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wa Australia ambao wenyewe hawaoni. Masharti ya kimataifa ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wote yalitoka mwaka 1999. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano.

Kwa hiyo ujuzi upo na vifaa vipo. Kinachokosekana ni kile kile alichokikosa Haüy, kumuuliza mtumiaji. Fundi anaweka kitufe chenye alama bila ya jina, programu ya sauti inakifikia na kusema tu kuwa kuna kitufe. Ofisi inapiga skana barua na kuipandisha kwenye tovuti, wakati ile barua ilichapwa kwa kompyuta na ingeliweza kupandishwa ikiwa maandishi. Wazee wetu ambao macho yamepungua nguvu nao wanaumia kwa maandishi madogo ya rangi hafifu, ingawa hakuna anayewahesabu kuwa walemavu. Sisi Waislamu, ambao mmoja wa waadhini wa Mtume (SAW), Ibn Umm Maktum, alikuwa kipofu, hatukupaswa kungoja kukumbushwa. Ratiba ya Ramadhani ina mistari 29 au 30. Kuichapa kwa maneno chini ya picha hakumchukui mtu hata nusu saa.

Ama kwa serikali, benki na kampuni za simu, ombi ni jepesi. Kabla mfumo mpya haujazinduliwa, waitwe watu wasioona wautumie mbele ya mafundi waliouunda: wafungue akaunti, watume fedha, wajaze fomu hadi mwisho bila ya kushikwa mkono. Wakikwama, uzinduzi usubiri.