Huyu Paskali ni Nani Hasa?

Mdogo wetu mmoja aliyekuja huku kusoma uhandisi alitamka Paskali mbele ya darasa, akimaanisha ile lugha ya kompyuta, wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo anakaa nyuma na maswali yake anayameza. Nimeona bora nieleze habari za mwenye jina, maana waliocheka walilitamka Kiingereza, na mwenye jina hakuwa Mwingereza.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 3 tu. Baba, Étienne, hakumpeleka shule. Alimfundisha mwenyewe nyumbani, na akakata shauri kwamba mtoto ashike kwanza Kilatini na Kigiriki, hesabu zije baadaye. Vitabu vya hesabu vikawekwa mbali naye. Dada yake mkubwa, Gilberte, ameandika kwamba akiwa na miaka 12 kijana alikuwa akijichorea sakafuni kwa mkaa. Hakujua duara linaitwaje, akaliita mviringo tu. Mstari akauita ufito. Kwa majina hayo ya kujitungia akafika hadi kwenye kanuni za pembe za pembetatu! Baba alipomfuma hakumgombeza, alikwenda kwa rafiki yake huku akilia kwa furaha. Dada anayempenda kaka yake huongeza chumvi kidogo, sawa, lakini mimi kisa hiki nakiamini.

Mwaka 1640 familia ilihamia Rouen, baba akiwa afisa wa kodi wa mfalme. Kazi yenyewe si mchezo: denier 12 zilifanya sol 1, na sol 20 zikafanya livre 1, sasa hebu jumlisha hizo usiku kucha kwa mkono. Ili kumpunguzia baba mzigo, mwaka 1642, kabla hajafika miaka 20, Blaise alianza kuunda mashine ya kujumlisha. Unazungusha magurudumu, na gurudumu likimaliza mzunguko linalofuata linasogea lenyewe hatua moja. Ugumu wote uko hapo. Ukiwa na 9 zimejipanga sita na ukaongeza 1, gurudumu la kwanza litawezaje kuyasukuma yote? Alitumia kijiuzito kinachonyanyuliwa polepole kisha kinaanguka na kusukuma jirani yake, hivyo kila gurudumu linajitegemea. Alijaribu mifano kama 50. Fundi saa mmoja wa Rouen akatoa ya kuiga, nzuri kwa macho lakini haifanyi kazi, na Pascal alivyokasirika aliwaachisha mafundi wake wote! Baadaye alirudi kazini, na mwaka 1649 mfalme akampa haki ya kuitengeneza peke yake. Kwa bei yake wanunuzi walikuwa wachache.

Sisi wahandisi tunamtaja kila siku kwa sababu nyingine. Mwaka 1648 alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilishuka zaidi ya sentimita 8, wakati mrija ulioachwa chini mjini haukubadilika. Hewa, kumbe, ina uzito unaopungua ukipanda juu. Ndiyo maana tangu 1971 kipimo cha shinikizo kinaitwa paskali.

Mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya michezo ya bahati, na hesabu za uwezekano zikaanzia hapo. Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo alipatwa na jambo la kiroho, akaliandika kwenye karatasi iliyokutwa imeshonwa ndani ya koti lake alipofariki. Mwaka 1662 alishiriki kuanzisha magari ya farasi ya abiria mjini Paris: njia maalumu, nauli sol 5, na linaondoka hata kama halijajaa (makonda wetu wasikie). Ila askari na watumishi walikatazwa kupanda, jambo ambalo silipendi. Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 39.

Ile lugha ya kompyuta ilitolewa mwaka 1970 na Niklaus Wirth, Mswisi wa Zürich, akaipa jina hilo kwa heshima ya ile mashine. Sasa sikiliza. Wafaransa wanakaza mwisho, pas-KAL. Wajerumani ninaofanya nao kazi wanakaza mwanzo, PAS-kal. Waingereza wengine wanaimeza irabu ya mwisho kabisa. Waarabu, ambao herufi zao hazina p, wanasema Baskal. Wajapani wanaweka irabu kila mahali kama sisi: Pasukaru. Na sisi Paskali, mkazo kwenye ka, jina ambalo Wakatoliki wetu walibatizwa nalo kabla kompyuta hazijafika. Asili yake ni moja na neno Pasaka.

Hata Wirth, aliyefariki tarehe 1 Januari 2024, hakuponea. Kwa Kijerumani ni Virt, lakini wazungumzaji wengi wa Kiingereza walimwita Wath, na utani juu ya hilo ulikuwa maarufu miongoni mwa watu wa kompyuta. Lugha yake ungali nayo: anayetaka kuijaribu, Free Pascal inapatikana bure kwenye intaneti.