Daktari Aliyepima Kumbukumbu

Huenda umepata kumwona mzee aliyesahau jina la mjukuu wake, au aliyepotea njia ya kurudi nyumbani kwake. Mzee huyo hafanyi mzaha, wala hakurogwa. Huenda ubongo wake una ugonjwa. Sasa soma habari za daktari aliyeuchunguza ugonjwa wa namna hiyo.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, nchini Ujerumani. Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1887. Mwaka uliofuata alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt.

Mwezi Novemba, 1901, aliletwa hospitalini mama mmoja aliyeitwa Auguste Deter. Umri wake ulikuwa miaka 51 tu, lakini alikuwa amesahau mambo mengi. Alzheimer aliketi naye, akamwonyesha kalamu, ufunguo na pochi. Mama huyo alivitaja vyote sawasawa. Baada ya muda mfupi, Alzheimer alimwuliza ni vitu gani alivyoonyeshwa. Alikuwa amekwisha kuvisahau! Alzheimer aliyaandika majibu yake kwa uangalifu, na siku zilizofuata akamwuliza tena.

Auguste alifariki mwezi Aprili, 1906. Wakati huo Alzheimer alikuwa akifanya kazi mjini Munich. Aliletewa ubongo wa marehemu, akauchunguza kwa hadubini. Aliona kwamba seli nyingi zilikuwa zimekufa. Ndani ya seli nyingine mlikuwa na nyuzi zilizosokotana, na kati ya seli palikuwa na madoa yasiyo ya kawaida. Mwezi Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake, lakini hawakuvutiwa sana na habari hizo. Hata hivyo, mwaka 1910 daktari Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Alzheimer mwenyewe alifariki tarehe 19 Desemba, 1915.

Dawa za ugonjwa huu zilianza kupatikana katika miaka ya 1990. Haziuponyi, bali huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Je, daktari atajuaje kama dawa inamsaidia mgonjwa wake? Kabla ya kumpa dawa, humwuliza maswali. Leo ni siku gani? Ni vitu gani vitatu nilivyokutajia? Kisha huandika alama alizopata. Baada ya miezi kadhaa humwuliza tena maswali ya namna ile ile, akalinganisha alama. Huwasikiliza pia jamaa wanaoishi na mgonjwa. Alama zikibaki pale pale, huenda dawa inasaidia. Zikishuka upesi, daktari huifikiria upya dawa hiyo.

Kumbuka jambo hili katika masomo yako ya sayansi: asiyepima mwanzo hawezi kulijua badiliko. Na ukikutana na mzee asahauye, usimcheke. Mshike mkono, umrudishe kwake.